Mwandishi, Kijiji na Jukwaa: Maisha ya Ngugi wa Thiong'o na Ukumbi wa Kamiriithu

Utangulizi

Mwanafunzi mpenzi, katika karatasi ya tatu ya Kiswahili swali la dondoo huanza mara nyingi hivi: Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4). Unajua la kufanya. Unamtaja msemaji, unamtaja msemewa, unaeleza mahali, kisha unatoa sababu ya maneno hayo kusemwa. Watahiniwa wengi huzipata alama hizo nne kwa kukariri tu, bila kujiuliza kwa nini mtahini anayataka mambo hayo manne na si mengine.

Jibu ni kwamba katika tamthilia maneno hayaishi peke yake. Neno lilelile likitoka kinywani mwa mtu mwingine, likaambiwa mtu mwingine, mahali pengine na kwa sababu nyingine, huwa si neno lile tena. Katika sehemu hii tutaonyesha ukweli huo kwa kueleza maisha ya Ngugi wa Thiong'o, mwandishi wa tamthilia na mmoja wa walioanzisha ukumbi wa maonyesho katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Hata kama tamthilia yake si miongoni mwa vitabu teule unavyotahiniwa mwaka huu, maisha yake yatakusaidia kuisoma tamthilia uliyo nayo mezani kama mchezo wa watu walio hai, wala si orodha ya maudhui na wahusika.

1. Kuzaliwa na utoto

Ngugi alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Limuru, katika eneo la Kiambu. Alibatizwa jina la James, jina ambalo aliliacha baadaye. Baba yake, Thiong'o wa Nducu, alikuwa na wake wanne, na Ngugi alikulia katika boma lenye watoto wengi. Mama yake, Wanjiku, ndiye aliyempeleka shuleni na kumhimiza asome.

Mambo mawili ya utotoni mwake yanafaa kukumbukwa.

La kwanza ni lugha. Jioni nyumbani watoto walisimuliwa hadithi kwa Kikuyu, kama vile nyanya zetu walivyotusimulia omogano kwa Ekegusii jikoni huku ndizi zikichemka. Shuleni mambo yaligeuka. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka wa 1952, Kiingereza kilitiliwa mkazo, na mtoto aliyepatikana akisema Kikuyu karibu na shule aliadhibiwa. Kitu kidogo kilipitishwa kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine, na jioni kila aliyekishika alitajwa. Wengi wenu hamhitaji maelezo zaidi. Mmewahi kuvaa diski shingoni kwa kosa la kumsalimu mwenzenu kwa lugha ya mama.

La pili ni vita. Kaka yake Wallace aliingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Kaka yake wa kambo, Gitogo, ambaye alikuwa kiziwi, alipigwa risasi kwa kuwa hakusikia amri ya askari ya kumtaka asimame. Mwaka wa 1955 Ngugi alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance. Alipofunga shule muhula wa kwanza na kurudi nyumbani, hakulikuta boma lao. Lilikuwa limebomolewa, na watu wake walikuwa wamehamishiwa Kamiriithu, kijiji kilichojengwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili wanavijiji wachungwe na wasiwape wapiganaji chakula.

Likumbuke tukio hili. Jengo la pili katika maisha ya Ngugi litabomolewa papo hapo Kamiriithu, miaka 27 baadaye, na wakati huo Mkoloni atakuwa ameondoka zamani.

2. Elimu na tamthilia za mwanzo

Pale Alliance kila mwaka wanafunzi waliigiza tamthilia ya Shakespeare. Ngugi alivutiwa na jukwaa tangu hapo. Mwaka wa 1959 aliingia Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Huko aliandika riwaya zake za mwanzo na tamthilia yake ya kwanza ndefu, The Black Hermit. Tamthilia hiyo iliigizwa na wanafunzi wa Makerere mnamo Novemba 1962 katika Ukumbi wa Taifa wa Kampala, wakati Uganda ikisherehekea uhuru. Iliandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1964 alikwenda kusoma Leeds, Uingereza. Riwaya zake Weep Not, Child (1964), The River Between (1965) na A Grain of Wheat (1967) zilimpa jina. Mwaka wa 1967 aliajiriwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka uliofuata, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa hoja kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake paundwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi. Ukiona leo kwamba wewe unatahiniwa fasihi simulizi ya jamii zetu, fahamu kwamba kulikuwa na watu waliopigania ithaminiwe kama masomo.

3. Mwaka wa 1976: Ukumbi wa Taifa ulikuwa wa nani?

Ukumbi wa Taifa wa Kenya, Nairobi, ulifunguliwa mwaka wa 1952. Hata baada ya uhuru wa 1963, michezo mingi iliyooneshwa pale ilikuwa ya kigeni, na watazamaji wengi walikuwa wageni na wachache wenye uwezo.

Ngugi na mwenzake, Micere Githae Mugo, waliandika pamoja The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia kuhusu kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa na Wakoloni mwaka wa 1957. Baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Mzalendo Kimathi. Tamthilia hiyo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ndizo zilizochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos, Nigeria, mwaka wa 1977. Zilipotaka kuoneshwa kwanza nyumbani, Oktoba 1976, zilipewa siku chache tu katika ukumbi huo. Hata hivyo watu walijaa. Mchezo wa Kimathi ulipokwisha, waigizaji walishuka miongoni mwa watazamaji, na watazamaji wakatoka nao wakiimba na kucheza.

Ngugi alijifunza jambo hapo. Watu walikuwa na kiu ya mchezo unaowahusu, lakini ukumbi haukuwa wao. Isitoshe, mchezo ulikuwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyepigana vita hivyo angeweza kumtazama Kimathi jukwaani bila kuelewa anasema nini.

4. Mwanamke aliyebisha hodi

Watahiniwa wengi hukosea hapa, kwa hiyo soma kwa makini. Ngugi hakwenda Kamiriithu kuwapelekea wanakijiji mchezo. Yeye ndiye aliyeitwa.

Kijiji kilikuwa na kituo cha vijana, jengo duni la vyumba vinne katika kiwanja cha ekari nne, na hakikuwa na shughuli nyingi. Mwaka wa 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alikwenda nyumbani kwa Ngugi, aliyekuwa akiishi jirani. Alimwambia kwamba wamesikia ana elimu nyingi na anaandika vitabu, basi mbona haji kuwasaidia watu wa kijijini? Ngugi hakukubali mara moja. Mama huyo alirudi tena na tena, wiki baada ya wiki, mpaka akakubali.

Hivyo ndivyo Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamiriithu kilivyopata nguvu mpya. Kilisimamiwa na kamati ya wanakijiji: wakulima wadogo, wafanyakazi wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata pale Limuru, na walimu. Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima. Aliyeongoza masomo hayo kwa karibu alikuwa Ngugi wa Mirii, mtaalamu wa elimu ya watu wazima kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu waliokuwa hawajui kusoma walijifunza kwa lugha yao, Kikuyu.

Waliokwisha kujua kusoma walitaka kitu cha kusoma, na kituo kilihitaji shughuli ya kuwaunganisha watu. Kamati ikawaomba Ngugi wawili waandike mchezo, na ikawa wazi kwamba haungeweza kuwa kwa lugha nyingine ila ile wanakijiji wanayoisema.

5. Muhtasari wa mchezo

Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda. Tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa Nitaolewa Nikipenda.

Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri. Yeye na mkewe Wangeci wana binti, Gathoni, na kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu. Hati ya shamba hilo ameitundika ukutani, kwa kuwa ndiyo mali pekee aliyo nayo. Siku moja tajiri wake, Ahab Kioi, na mkewe Jezebel wanawatembelea na kuwashauri wafunge ndoa kanisani. Kiguunda anadhani ziara hiyo inahusu uchumba wa Gathoni na John Muhuuni, mwana wa Kioi. Anakopa fedha benki kwa ajili ya harusi na kuweka hati ya shamba rehani. Baadaye Muhuuni anamtunga Gathoni mimba na kumkana. Mkopo haulipiki na shamba linapotea. Jirani yao Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ndiye anayewasaidia kuelewa kilichowapata, na mchezo unaishia kwa wito wa umoja.

Ukichunguza, hakuna jambo la ajabu hapo. Mkopo, rehani, hati, ahadi ya harusi na binti aliyeachwa ni mambo yanayojulikana katika kila kata ya Kisii na Nyamira. Ndiyo maana watu walijiona jukwaani.

6. Jinsi mchezo ulivyotayarishwa

Waandishi walipoleta rasimu, wanakijiji waliichambua. Wazee waliwasahihisha maprofesa: mzee haongei hivi, methali hii haitumiki hapa, wimbo huu hauimbwi hivyo. Mwanamke mzee ambaye hakujua kusoma ndiye aliyewaongoza katika kuigiza gitiiro, nyimbo za majibizano za sherehe ya ndoa. Mfanyakazi wa kiwandani alieleza kazi yake ilivyo. Waliopitia vita vya uhuru walisimulia waliyoyaona kwa macho yao.

Mazoezi yalifanywa zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri, watu wanapotoka kazini, na yalifanywa hadharani. Kila mpita njia aliruhusiwa kuketi, kutazama na kutoa maoni. Kufikia siku ya onyesho, watu wengi wasio waigizaji walikwisha kuyajua maneno ya wahusika kwa moyo. Mwelekezi alikuwa Kimani Gecau, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ukumbi wenyewe waliujenga kwa mikono yao. Waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti chini ardhini, kisha wakatengeneza mfano mdogo, na mwishowe wakasimamisha jukwaa la nusu duara lenye ukuta wa mianzi nyuma yake. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, na ukumbi haukuwa na paa. Ungeweza kukalisha watu zaidi ya 2,000.

Zingatia: Katika fasihi simulizi ulifundishwa kwamba fanani na hadhira huwa pamoja, na hadhira hushiriki. Kamiriithu ilirudisha sifa hiyo katika fasihi andishi. Hadhira ilikuwa sehemu ya waandishi.

7. Marufuku na kizuizi

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walifurika kutoka Limuru na kwingineko. Waliendelea kuja kwa wiki kadhaa, mpaka tarehe 16 Novemba 1977 serikali ilipoondoa leseni ya mikusanyiko katika kituo hicho kwa hoja ya usalama wa umma. Mchezo ukakoma.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi walikwenda nyumbani kwa Ngugi, wakapekua vitabu vyake na kumchukua. Alizuiliwa katika gereza la Kamiti na kupewa namba K6,77. Hakushtakiwa wala kufikishwa mahakamani. Alikaa humo karibu mwaka mzima. Gerezani aliamua kwamba riwaya zake tangu sasa ataziandika kwa Kikuyu, akaandika Caitaani Mutharaba-ini juu ya karatasi za chooni. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, Sikukuu ya Jamhuri, baada ya Rais Jomo Kenyatta kufariki na Daniel arap Moi kuchukua uongozi. Kazi yake ya chuo kikuu hakurudishiwa.

8. Tulipe swali alama nne

Sasa turudi kwenye swali la muktadha.

Julai 1977, miezi mitatu tu kabla ya onyesho la Kamiriithu, Ngugi alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood. Riwaya hiyo inawakosoa vikali matajiri wapya wa Kenya huru, wanaowapokonya wakulima ardhi na kuwanyonya wafanyakazi. Kitabu hicho kilizinduliwa Nairobi, na aliyekizindua alikuwa waziri wa serikali, Mwai Kibaki. Mwandishi hakukamatwa.

Mwaka ni ule ule, mwandishi ni yule yule, na lawama karibu ni zile zile. Kwa nini riwaya ilipata waziri na mchezo ukapata polisi? Lijibu swali hili kwa vipengele vyako vinne:

*Msemaji.* Katika riwaya anayesema ni msomi mmoja kwenye karatasi. Kamiriithu walisema vibarua wenyewe, kwa sauti zao, mbele ya watu waliowajua kwa majina.

*Msemewa.* Riwaya ya Kiingereza ilisomwa na wachache waliosoma, na wengi wa hao hawakuwa na dhiki ya ardhi. Mchezo uliwaambia wanaodaiwa na benki, kwa lugha ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa.

*Mahali.* Uzinduzi wa riwaya ulifanyika jijini, mbele ya wageni waalikwa. Mchezo ulikuwa kijijini, uwanjani, bila paa, katika ardhi ambayo watu walihamishiwa kwa nguvu mwaka wa 1955. Tena ukumbi ulikuwa mali ya jamii, wala haukuhitaji ruhusa ya meneja wa Nairobi.

*Sababu.* Msomaji wa riwaya hufunga kitabu akatafakari peke yake. Mchezo uliwakusanya watu, ukawaonyesha kwamba tatizo la mmoja ni la wengi, na kwamba wanaweza kufanya jambo kubwa pamoja bila kungoja mheshimiwa awafungulie.

Basi kilichoogopwa si maneno pekee. Kilichoogopwa ni nani anayasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini. Hizo ndizo alama nne unazoulizwa kila mwaka.

9. Kubomolewa kwa ukumbi na maisha ya uhamishoni

Watu wa Kamiriithu hawakukata tamaa. Miaka michache baadaye walitayarisha mchezo wa pili, Maitu Njugira, wenye nyimbo nyingi na unaozungumzia mateso ya wakati wa ukoloni, ikiwemo sheria ya kipande. Ulikusudiwa kuoneshwa katika Ukumbi wa Taifa mnamo Februari 1982. Waigizaji walipofika waliikuta milango imefungwa. Walihamishia mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaenda kutazama mazoezi hayo kabla nayo hayajasimamishwa.

Tarehe 11 Machi 1982 kituo cha Kamiriithu kilipigwa marufuku. Siku iliyofuata polisi walifika na kuubomoa ukumbi mpaka chini. Kijiji kilichojengwa kwa amri ya Mkoloni kilipokonywa jengo lililojengwa kwa hiari ya wanakijiji.

Mwaka huo Ngugi alikuwa Uingereza kwa ajili ya uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake aliyoiandika gerezani. Alipata habari kwamba akirudi atakamatwa, akabaki ng'ambo. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe. Huko Ngugi wa Mirii aliendeleza michezo ya kuigiza ya kijamii mpaka alipofariki mwaka wa 2008. Micere Mugo pia aliondoka nchini mwaka huo wa 1982.

Kenya haikuwa peke yake. Nchini Uganda, Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia za Kiganda na mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Kampala, aliuawa mwaka wa 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Yeye pia alikuwa ameandika kwa lugha ya watu.

Ngugi alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani kwa miaka mingi. Alirudi Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 2004, baada ya miaka 22. Alipokewa kwa shangwe, lakini katika siku hizo hizo yeye na mkewe Njeeri walivamiwa na kuumizwa katika nyumba waliyokuwa wakiishi Nairobi. Alifariki tarehe 28 Mei 2025 huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87.

Mnamo Mei 2022, kabla hajafariki, Ngaahika Ndeenda ilioneshwa tena katika Ukumbi wa Taifa, Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ukumbi uliowafungia milango watu wa Kamiriithu mwaka wa 1982 uliupokea mchezo wao baada ya miaka 40.

10. Tathmini

Mwanafunzi mwangalifu hasifu tu, bali hupima. Kuna maswali mawili ambayo hata wanaomheshimu Ngugi huyauliza.

Kwanza, lugha. Mchezo wa Kikuyu uliwafungulia mlango watu wa Limuru, lakini Omogusii wa Itumbe angeketi pale bila kuelewa, kama vile mkulima wa Limuru alivyoketi mbele ya Kiingereza. Jibu la Ngugi lilikuwa tafsiri: kila lugha iandikwe, kisha lugha zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo Kiswahili kinapopata kazi yake. Wewe unaweza kumsoma Kiguunda kwa sababu kuna Nitaolewa Nikipenda. Lakini jiulize pia: ni tamthilia ngapi zimeandikwa kwa Ekegusii ili Mkikuyu azisome kwa tafsiri?

Pili, gharama. Walioandika walikuwa na majina makubwa, na dunia ilipiga kelele kwa ajili yao. Wanakijiji walibaki na kiwanja kitupu. Unapojadili ushujaa wa mwandishi, usiwasahau waigizaji ambao vitabu havikuwataja.

Fikiria wachumaji chai wa eneo letu wakikutana kila Jumapili alasiri uwanjani, wakitunga mchezo juu ya maisha yao kwa Ekegusii, obokano ikipigwa kando, na mwalimu wa chuo kikuu akisahihishwa na bibi wa miaka 80. Ukiweza kuiona picha hiyo, umeielewa Kamiriithu.

11. Makosa ya kuepuka

(i) Usiandike kwamba Ngugi alianzisha ukumbi peke yake. Ulikuwa wa jamii, na tamthilia iliandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii.

(ii) Usichanganye michezo. Ngaahika Ndeenda ilioneshwa kijijini mwaka wa 1977. Maitu Njugira ilizuiwa mwaka wa 1982.

(iii) Usiseme alifungwa. Mfungwa amehukumiwa na mahakama. Ngugi alizuiliwa bila kushtakiwa.

(iv) Usiyasome maelekezo ya jukwaani kwa kuyaruka. Hati iliyotundikwa ukutani kwa Kiguunda haisemi neno, lakini mtazamaji anaiona tangu mwanzo, na siku itakapotoka ukutani ataelewa kabla mhusika hajafungua kinywa. Itafute hati ya aina hiyo katika tamthilia yako teule.

12. Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi matukio ya utotoni mwa Ngugi wa Thiong'o yalivyoathiri uamuzi wake wa kuandika kwa lugha ya mama. (alama 6)

2. Fafanua njia nne ambazo wanakijiji wa Kamiriithu walishiriki katika kutayarisha mchezo. (alama 8)

3. "Hadhira ni nguzo ya tamthilia." Thibitisha kauli hii ukirejelea ukumbi wa Kamiriithu. (alama 20)

4. Chagua onyesho moja katika tamthilia yako teule. Mbadilishe msemewa, kisha ueleze jinsi maana ya maneno inavyobadilika. (alama 10)

*Mwongozo wa swali la 3.* Anza kwa kueleza maana ya hadhira katika tamthilia. Kisha toa hoja, kila moja na mfano wake: hadhira ilihitaji mchezo na kumwalika mwandishi, ilichagua lugha, ilisahihisha methali, nyimbo na mazungumzo, ilijenga ukumbi, ilihudhuria mazoezi na kutoa maoni, ilijiona katika wahusika, na wingi wake ndio ulioifanya serikali iogope. Hitimisha kwa kuonyesha kwamba ukumbi ulibomolewa kwa siku moja, lakini mchezo ulidumu kwa kuwa waliouona waliubeba vichwani.

*Zoezi la darasa.* Jigaweni katika makundi ya watu watano. Someni onyesho moja la tamthilia yenu teule kwa sauti, nje kwenye nyasi, mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Mkimaliza, waulizeni walichoelewa na mahali wahusika walipowakumbusha mtu wanayemjua nyumbani. Andikeni majibu yao, kwa kuwa humo mtapata hoja na mifano ya kutumia mtihanini.